Darsa ya Ramadhani, Siku ya 14: Boga la Bibi na Nyuki wa Paa la Msikiti



Jana usiku kwenye tarawehe tulisoma juzuu ya 14, Suratul Hijr na Suratun Nahl. Na jana hiyohiyo kwenye futari ya msikitini lilikuja boga la kuchemsha na nazi, sinia zima. Waliokuwepo wamelila na wakalisifia. Boga lile lina habari yake, na aliyelileta ameniruhusu niieleze, sharti nisimtaje jina. Basi nitamwita Bibi.

Mwishoni mwa Rajabu Bibi alinijia baada ya Alasiri. Alisimama nje ya mlango, kanga kichwani, hataki kukaa. "Mwanangu Shehe, nataka uje unisomee uani kwangu. Maboga yangu yanakufa, na anayeyaua namjua."

Nikamwuliza yanakufaje. Akasema yanatoa vitoto vizuri kabisa, vya ukubwa wa yai, halafu siku ya tatu au ya nne vinageuka njano, vinalainika, vinadondoka. Mwaka huu limeshika moja tu. Miaka ya nyuma alikuwa anagawa mtaa mzima mpaka anabakiza ya mbegu. Na aliyeyatia jicho, kwa maneno yake, ni mama wa nyumba ya pili, kwa sababu alipita siku moja akasema "mashaallah, mwaka huu utatulisha" na kesho yake ndo vikaanza kuanguka. Tangu siku ile hawasalimiani.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, aliyesema mashaallah amefanya kile alichofundishwa na dini, sasa tunamlaumu kwa lipi? La pili, jicho ni kweli, Mtume (s.a.w.) ametuambia ni kweli, wala simkatalii mtu kusomewa. Ila kabla ya kusoma nataka nikaone. Nitakuja kesho baada ya Alfajiri.

Mnajua mimi kabla ya kukaa kwenye mihrabu nilisomea ualimu, stashahada, nikashika chaki. Somo la maua nimelifundisha mara nyingi ubaoni, dume na jike, na mishale ya rangi. Lakini ubao na uani ni vitu viwili.

Tukaenda na wanafunzi watatu wa madrasa. Boga linatoa maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na katikati lina kijiti chenye unga wa njano, chavua. Ua jike ni fupi, na nyuma yake kuna kiboga kidogo tayari. Hapo ndipo watu tunapokosea: tukiona kiboga tunadhani tayari limeshazaa, kumbe bado. Kile ni nyumba tupu. Kama chavua kutoka kwa dume haijafika kwa jike, kiboga kitakaa siku chache, kitageuka njano na kuanguka. Na muda wenyewe ni mfupi mno. Ua jike linafunguka alfajiri, ikifika saa nne au saa tano linafunga, na halifunguki tena. Asubuhi moja tu.

Chavua ya boga ni nzito, inanata. Upepo hauibebi. Lazima aje mdudu aingie ndani ya dume, apakae mwili mzima, kisha aingie kwa jike. Na si mara moja, inatakiwa aende na kurudi mara nyingi ili boga likue vizuri.

Basi tukakaa kwenye mkeka tukahesabu. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu. Maua jike manne yamefunguka. Walikuja sisimizi. Alikuja mbawakawa mmoja, akala ukingo wa ua, akaondoka. Nyuki: hakuna. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, alipita juu kwa juu, hakutua. Wanafunzi wangu walichoka, mmoja akasinzia. Bibi alikuwa anatutazama kutoka mlango wa jiko, na mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Kweli. Zamani asubuhi uani palikuwa panavuma."

Sasa turudi kwenye juzuu yetu. Katika Suratul Hijr, aya ya 22, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anazitaja pepo anazozituma zikiwa zenye kupandisha, kisha anateremsha maji kutoka juu. Wafasiri wengine wameielewa kwa mawingu yanayobebeshwa mvua, wengine wameielewa pia kwa miti. Na kweli ipo mimea inayohudumiwa na upepo. Mahindi ni mfano. Mbelewele ziko juu, ndevu ziko kwenye gunzi, upepo unatikisa unga unashuka. Ndiyo maana Bibi mahindi yake yalikuwa mazuri tu, na hilo lilimzidishia dhana mbaya: mbona jicho limechagua maboga?

Halafu katika juzuu hiyohiyo, sura inayofuata imepewa jina la nyuki. Aya ya 68 na ya 69. Tukizisoma tunakimbilia mwisho, kwenye kinywaji cha rangi mbalimbali ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Chupa ya asali mezani, maji ya uvuguvugu, daku. Lakini tazama kilichotangulia. Kwanza nyuki anafunuliwa na Mola wake mahali pa kujenga: milimani, mitini, na katika vile wanavyojenga watu. Kisha anaamrishwa ale katika matunda yote na apite njia za Mola wake. Asali imekuja mwishoni, baada ya kazi. (Wapo wanaopenda kutaja kwamba maamrisho yote katika aya hizi yamekuja kwa kike, na nyuki wanaofanya kazi ni majike. Ni kweli yote mawili, ila mimi silijengei nyumba, maana lugha ya Kiarabu ina mambo yake katika neno hilo.)

Ninataka mkae kidogo kwenye maneno hayo, "katika vile wanavyojenga watu". Kwa sababu hapa nina deni langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, nyuki waliingia kwenye dari ya msikiti wetu, upande wa kinamama. Mnakumbuka. Mtoto mmoja aliumwa, uso ukavimba. Kinamama wakasema Ramadhani inakaribia, hatuwezi kusali chini ya nyuki. Kamati ikaniuliza. Wala sikufikiri sana. Nilisema ondoeni. Vijana wakapanda usiku na matambara yaliyolowekwa mafuta ya taa, wakawachoma. Asubuhi tulifagia nyuki ndoo nzima na robo. Na masega tulikula, sitaficha.

Kutoka msikitini mpaka uani kwa Bibi ni nyumba nne. Nyuki mmoja anaweza kwenda kilomita 2 au 3 kutafuta maua. Kwa hiyo kundi lile lilikuwa linahudumia mtaa wetu wote na mitaa ya jirani, bure, kila asubuhi.

Mimi ndiye ninayewasomea hadithi ya Nabii mmoja katika Manabii aliyeumwa na chungu akaamrisha kijiji kizima cha chungu kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba ameteketeza umma katika umma zinazomsabihi kwa ajili ya chungu mmoja. Iko kwa Bukhari na Muslim. Mimi ndiye niliyewafundisha hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Mtume amekataza kuuawa chungu, nyuki, hudhud na ndege mwingine aitwaye surad. Na kwamba adhabu ya moto ni ya Mola wa moto. Nilizijua zote usiku ule. Sikuzikumbuka mpaka nilipokaa kwenye mkeka wa Bibi.

Msielewe vibaya. Nyuki anayedhuru watu huondolewa, dini haisemi tukae tuumwe. Lakini mafaqihi wetu wana kanuni: mwenye kudhuru huzuiliwa kwa njia nyepesi kwanza, na nzito baadaye ikishindikana. Nyepesi ilikuwepo. Tungeita mtu mwenye mzinga na bomba la moshi, aje usiku, awahamishe na malkia wao. Halmashauri ina afisa nyuki, na TFS ndiyo wenye dhamana ya misitu na nyuki nchini, wangetuelekeza. Hatukuuliza.

Je, ni nyuki wa msikiti peke yao? Hapana. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi kuhama hata wenyewe, maua yakiisha au wakisumbuliwa. Ila tumewafungia milango mingi kwa pamoja, na ningependa tuitazame bila kutafuta mchawi.

Uani kwetu tumepalilia kila jani na kupiga saruji, tunasema usafi. Mrehani tunaukata kabla haujatoa maua. Mti mkavu ambao nyuki wadogo wasiouma walikuwa wamejificha ndani yake tumeufanya kuni. Halafu dawa. Mtu ana bamia sita na mchicha tuta moja, ameona kidukari mmoja, anachukua bomba la kupulizia mikorosho na dawa iliyobaki mwaka jana, anapuliza saa mbili asubuhi, maua yako wazi, nyuki yuko ndani ya ua. Dawa nyingi tunazotumia kwa mbu wa mikorosho, zile za jamii ya pairethroidi, haziulizi huyu ni mbu au ni nyuki. Zipo na nyingine, kundi la neonikotinoidi, zinazoingia ndani ya mmea mpaka kwenye chavua. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulizuia aina tatu za kundi hilo zisitumike mashambani kwenye maeneo ya wazi, kwa sababu ya nyuki.

Najua hapa nimegusa kidonda. Nusu ya mnaosoma ujumbe huu ada za watoto zimetoka kwenye korosho, na ukisema dawa mtu anaona unamnyima ada. Sisemi msipulizie. Ubwiriunga usipodhibitiwa hakuna korosho. Ila fikirini: ua la mkorosho nalo lina chavua inayonata, upepo hauwezi kuibeba vizuri. Kwenye shada moja kuna maua dume mengi na machache yenye pande zote mbili, na anayeyaunganisha ni mdudu: nyuki, nzi, kipepeo, hata sisimizi. Ukipuliza dawa ya wadudu asubuhi shada likiwa limechanua, unampiga mfanyakazi wako mwenyewe. Na wale maji moto wanaotuuma tukipanda mkorosho, wanawinda mbu wa mikorosho. Watafiti wa Naliendele wamelifanyia kazi jambo hilo. Msimu wa kupuliza ukikaribia waulizeni wao na mabwana shamba: dawa ipi, saa ngapi, ua likiwa katika hali gani. Jioni ni bora kuliko asubuhi, hilo halina mjadala.

Huku kwa ndugu zetu wa Msimbati na vijiji vya maingilio ya Ruvuma kuna la kwao. Mikoko ina maua, na mchu hasa nyuki wanaupenda sana. Mikoko ikikatwa kwa nguzo, kuni na mashamba ya chumvi, tunaongea habari ya samaki na kamba, na ni sawa, hifadhi ya bahari iliwekwa pale mwaka 2000 kwa mambo hayo. Lakini nyuki naye alikuwa anakula pale wakati bara kumekauka. Na warinaji, jamani, asali ya Ramadhani inauzika, najua, ila kuchoma mti mzima na kundi lake ili upate lita mbili? Mwakani utarina nini?

Jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai lilitoa ripoti mwaka 2016, likasema karibu robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani zinategemea wachavushaji, kwa kiasi kikubwa au kidogo. Si nyuki peke yake. Embe nzi wanalifanyia kazi sana, yule nzi tunayemfukuza. Mbuyu maua yake yanafunguka usiku, na popo ndiye anayekuja. Ibuyu unalolamba huenda popo alilitangulia.

Turudi kwa Bibi. Nilimwambia maboga yako hayajatiwa jicho, yamekosa mgeni. Akaniuliza, "Sasa mgeni nimtoe wapi?"

Hapo nikakumbuka hadithi ya mitende. Iko katika Sahihi Muslim. Watu wa Madina walikuwa wanachukua chavua ya mtende dume wanaiweka kwenye mtende jike kwa mikono. Mtume (s.a.w.) alipita akasema hadhani kama jambo lile lina faida. Wakaacha. Mavuno yakapungua. Alipoambiwa, hakung'ang'ania. Aliwaeleza kwamba ile ilikuwa dhana yake, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Huyu ni bora wa viumbe. Wangapi kati yetu, tuna vilemba vidogo tu, tungekubali kusema hivyo mbele ya wakulima?

Basi nikamwambia Bibi, fanya walivyofanya watu wa Madina. Chuma ua dume asubuhi, toa majani yake ya njano, ubaki na kijiti chenye unga. Kiguse taratibu katikati ya ua jike, zungusha, tumia dume mbili au tatu kwa jike mmoja. Kabla ya saa tatu, wala usingoje jua kali.

Lakini asubuhi ile kwake dume lililofunguka halikuwepo hata moja. Mbuzi alikuwa ameingia usiku akala upande ule wote. Jike manne yanasubiri, dume hakuna. Na uani kwa nani kulikuwa na maboga yenye maua? Nyumba ya pili.

Alitaka kumtuma mjukuu. Nikanyamaza. Sikumwambia hadithi ya watu wawili waliogombana, ambao msamaha wao unacheleweshwa kila Jumatatu na Alhamisi mpaka wapatane. Anaijua, ameisikia kwangu mara kumi. Alikaa kidogo, akavaa ndala, akaenda mwenyewe. Sikusikia walichoongea. Alirudi na maua dume saba kwenye ungo, na yule mama yuko nyuma yake, anataka kuona linafanywaje, kwa sababu na yeye, kumbe, ya kwake yalikuwa yanadondoka, na yeye alikuwa na dhana yake juu ya Bibi.

Katika yale manne yalishika matatu. Moja lilioza. Baadaye wakaendelea wenyewe kila asubuhi, leo kwa huyu kesho kwa yule. Boga la jana lilikuwa mojawapo ya yale matatu ya kwanza.

Sasa mwenye uani, hata wa hatua tano, afanye machache leo. Mrehani wako uache utoe maua. Weka kisahani cha maji na vijiwe ndani yake, nyuki watue wanywe wasizame. Bomba la dawa usilioshe karibu na kisima wala dimbwi. Ukiona kundi la nyuki limening'inia kwenye tawi kama shungi, usilirushie mawe wala moto, mara nyingi wamepumzika tu na ndani ya siku moja au mbili wataondoka. Weka watoto mbali. Maboga na matango yakidondoka changa, jaribu kwanza kwa mkono kabla ya kumfikiria jirani. Mtume (s.a.w.) amesema, katika aliyopokea Imam Ahmad, kwamba muumini mfano wake ni nyuki: anakula kizuri, anatoa kizuri, na akitua mahali havunji wala haharibu. Na katika Bukhari na Muslim, Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Ninapouangalia mrehani sasa naihesabu na ile tone anayokunywa nyuki.

Dari ya msikiti upande wa kinamama bado ni kimya. Tundu lipo, sijaliziba. Kamati tumekubaliana kuweka mizinga miwili nyuma ya makaburi, kule kwenye mikorosho ya wakfu, mbali na njia ya watoto. Fundi wa mizinga tumempata. Tunamhitaji mtu anayejua kuhamisha nyuki kwa moshi bila kuchoma. Kama yuko katika nyinyi au mnamjua, anione leo baada ya tarawehe, kwenye baraza. Kesho inshaallah juzuu ya 15, Suratul Israa. Futari ya leo ni zamu ya mtaa wa juu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.